Ngitili Iliyofungwa

Koplo Swaumu alipiga chafya mara tatu, akafuta pua, kisha akamgeukia mkubwa wake huku machozi yakimlengalenga.

"Afande, huu ni ugoro."

Inspekta Nikolaus hakunyanyua kichwa. Alikuwa anapanga karatasi za jalada ambalo kesho yake asubuhi lilitakiwa liende Tabora kwa mwanasheria wa serikali. Lilikuwa jalada la kupendeza. Lilikuwa na mchoro wa eneo, picha za rangi, na mtuhumiwa ambaye tayari alikuwa chumba cha pili akisubiri.

"Nani kakuruhusu kufungua kielelezo?"

"Hakuna. Lakini nimeandika saa na nimetia saini. Nusa mwenyewe."

Kielelezo chenyewe kilikuwa vichupa kumi na vinne vya plastiki, vyembamba, kila kimoja kimezibwa kwa pamba. Vilikutwa ndani ya chungu nyumbani kwa Mzee Ngassa, mfugaji wa Lusu. Watafiti wa mradi wa mbugani hutumia vichupa vya namna hiyo hiyo kubebea sisimizi, na Nikolaus alipoviona Alhamisi iliyopita moyo wake uliruka kwa furaha. Aliviweka kwenye mfuko, akaufunga kwa lakiri, akasema visiguswe mpaka vipimwe na wataalamu.

Sasa alinusa. Kilikuwa ugoro, tena ule mkali wa kusagwa nyumbani.

"Vyote?"

"Nimefungua vitano. Vyote hivyo hivyo. Na hii pamba, afande, ina mbegu ndani. Imetoka shambani, si dukani wala hospitali. Vichupa wanavitupa wale watafiti kwenye shimo lao la taka, nimempigia simu mlinzi wao akaniambia. Wazee wanaviokota." Swaumu alikiweka kichupa mezani taratibu. "Mwenyewe hakusema kitu, siku ile tulipomhoji?"

Nikolaus alirudisha pamba ya kichupa mahali pake.

"Alisema."

"Mbona kwenye maelezo yake sijaona neno ugoro?"

"Sikuliandika."

Swaumu hakusema zaidi. Alikuwa na ulimi mwepesi, kituo kizima kilimjua, na ule ukimya wake ulimkera Nikolaus kuliko tusi. Masikio yake yalipata moto. Alikumbuka vizuri kwamba mzee alisema "ni ugoro wangu na wenzangu", na kwamba yeye alicheka.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Katika mbuga za Lusu kuna aina moja ya sisimizi mdogo wa manjano ambaye watafiti wanasema amekuwa adimu mno. Hana vibarua wa kwake. Malkia wake huingia kwenye kiota cha sisimizi wengine, wale wa kahawia, akakaa humo maisha yake yote akilishwa, na watoto wake wakalelewa na wenyeji. Watu wa Lusu humwita mkwe, kwa sababu anakuja kwa watu, hafanyi kazi, na hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini. Mwezi huu wa kumi, mtafiti wa mradi alihesabu viota vilivyokuwa na mkwe, akakuta vitatu. Zamani vilikuwa thelathini na vinane. Neno wizi likatajwa, na Nikolaus akapewa kazi.

Alimkamata Mzee Ngassa gulioni, Alhamisi, mchana kweupe. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la Marcelina muuza chai pamoja na wageni watatu waliotoka Urambo kuja kumposa binti yake, Koleta. Nikolaus alifika na askari wanne na miwani ya jua. Hakusalimia. Alisema, "Wewe ndiye Ngassa?" na kabla hajajibiwa pingu zilikuwa mkononi mwa mtu aliye rika la baba yake. Wageni waliacha chai yao kwenye vikombe. Jioni Nikolaus alipanga vichupa mezani, akawaambia waandishi wa habari kwamba mtandao umevunjwa.

Leo ilikuwa Jumanne. Mzee alikuwa amekaa ndani siku tano, zaidi ya sheria inavyoruhusu, na Nikolaus alilijua hilo vilevile. Jalada likifika Tabora, mzee angesomewa shitaka la nyara za serikali, na dhamana ya kesi hizo hupatikana kwa mbinde. Watu huzeekea mahabusu. Huyu alikuwa amekwisha kuzeeka.

"Kuna waya," Nikolaus alisema, akijitetea. "Alikata waya wa uzio wa mradi. Amekiri mwenyewe."

"Kukata waya ni kukata waya, afande. Waya uliokatwa si sisimizi aliyeibwa."

Nikolaus alifunga jalada akachukua funguo za gari. "Twende Lusu."

*

Ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zikianza hufungwa, mifugo isikanyage, nyasi zikue. Kiangazi kikikaza hufunguliwa kipande kwa kipande, ndama na ng'ombe dhaifu wakitangulia. Hii ya ukoo wa Mzee Ngassa ilikuwepo tangu misafara ya Ujiji ikipita ukingoni mwake, na njia yenyewe bado inaonekana, mfereji mpana usio na mti. Miaka miwili iliyopita mradi uliizungushia uzio wa seng'enge pande zote ili kumlinda mkwe, ukaweka lango, kufuli, na mlinzi aitwaye Eliya.

Dkt. Veneranda, mtafiti wa mradi, aliwapokea langoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto wa wakulima wa tumbaku wa Kaliua, na alishika ubao wenye ramani iliyojaa nukta nyekundu. Nukta za kijani zilikuwa tatu tu.

"Nilidhani uchunguzi umeisha," alisema baada ya salamu.

"Nami nilidhani. Nionyeshe kiota kimoja kilichoibiwa."

Walipita kwenye nyasi zilizowafika kiunoni. Dokta alisimama kwenye kigingi namba kumi na mbili. "Hiki. Mwaka jana kilikuwa na mkwe. Sasa hakuna."

"Umejuaje hakuna?"

"Wenyeji, wale wa kahawia, hawatoki. Tunakaa hapa nusu saa tunaangalia mlangoni. Kiota hakina kitu."

Nikolaus alipiga magoti. Chini ya nyasi za mwaka huu kulikuwa na za mwaka jana zimelala, na chini ya hizo za mwaka juzi, zimeshikamana kama godoro. Alizipasua kwa vidole mpaka akaufikia udongo. Tundu la kiota lilikuwepo, dogo, zima. Buibui alikuwa amelifunga kwa utando.

"Mwizi alichimba wapi?"

"Labda hakuchimba. Wafanyabiashara wana mirija ya kunyonyea."

"Malkia anakaa umbali gani kwenda chini?"

"Mpaka kwenye kiwiko, ukiingiza mkono."

"Mrija unafika?"

Dokta alihamisha ubao kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Haufiki."

"Basi tuchimbe."

"Haiwezekani. Kufukua kiota kunahitaji kibali cha maandishi."

"Kiota umesema hakina kitu."

"Hata hivyo. Taratibu ni taratibu."

Nikolaus alimtazama. Miaka kumi na saba ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu aliyeibiwa hakatai uangalie mahali alipoibiwa. "Mama, kuna mzee analala kwenye sakafu yangu kwa ajili ya kiota hiki. Kibali nitakiandika mimi, na kosa nitalibeba mimi."

Swaumu alikwisha kuazima jembe kwa Eliya. Alichimba kwa ubavu, polepole, kama mtu anayetoa viazi asivyotaka kuvikata. Vyumba vya juu vilikuwa vitupu. Vya katikati vitupu. Kwenye chumba cha chini kabisa alisimama, akaingiza kisu cha mfukoni, akatoa kitu juu ya bapa la kisu.

Alikuwa malkia wa manjano, tumbo limevimba kuliko kichwa mara tano, mkavu. Ukimpuliza angepeperuka.

"Mwizi huyu mpole," Swaumu alisema. "Kaja mpaka chumbani, kaiacha mali."

Walichimba vingine vitatu vyenye nukta nyekundu. Katika kila kimoja malkia alikuwepo, amekufa mahali pake. Hapakuwa na dalili ya mkono wa mtu.

Nikolaus aliweka kiganja kwenye udongo chini ya nyasi zilizolala. Ilikuwa saa sita mchana na jua la Oktoba lilikuwa utosini, lakini udongo ulikuwa na ubaridi wa chini ya mtungi. Aliinuka, akatoka nje ya seng'enge hadi kwenye njia ya ng'ombe, akaweka kiganja tena. Aliuondoa haraka. Pembeni ya vidole vyake sisimizi wa kahawia walikuwa wanapita kwa mstari, mamia, kila mmoja na punje yake.

"Hawa ndio wenyeji?"

"Ndio," Dokta alijibu kutoka ndani ya uzio.

"Kwa hiyo hawakufa. Walihama. Wanataka jua." Alikipangusa kiganja kwenye suruali. "Na mkwe alibaki kwa nini?"

"Hawezi kutembea na tumbo lile. Wala hajui kujilisha. Wenyeji wakiondoka bila kumbeba..." Hakumalizia.

"Nionyeshe vile vitatu vilivyo hai."

Vilikuwa kwenye pembe moja, karibu na njia ya zamani ya misafara, na kabla hawajafika Nikolaus alikwisha kuona. Nyasi za pale zilikuwa fupi. Kulikuwa na mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na kwato zilikuwa zimeuvunjavunja udongo. Waya ulikuwa umekatwa na kufungwa tena kwa kamba ya mkonge, kwa ustaarabu, kama mtu anayerudisha mlango wa jirani.

Eliya mlinzi aliitwa. "Ni hapa, afande. Mwezi wa nane. Mzee Ngassa alipitisha ng'ombe sita kwa siku nne, nikamripoti."

"Ulimwona akichimba?"

"Kuchimba? Hapana. Alikaa pale na ugoro wake, ng'ombe wakala, akawatoa, akafunga waya. Tena alinisalimia."

Nikolaus alinyoosha mkono kwa Dokta. "Daftari lako la kuhesabia."

"Taarifa yangu unayo."

"Taarifa ninayo. Nataka daftari."

Alilitoa kwenye mkoba kama mtu anayetoa jino. Nikolaus alisoma kurasa chache, akamsomea Swaumu kwa sauti. Kabla ya uzio, viota thelathini na vinane. Baada ya mwaka, ishirini na sita. Machi mwaka huu, kumi na moja. Oktoba, vitatu.

"Waya ulikatwa Agosti," Swaumu alisema. "Mwizi alianza kuiba kabla hajaingia?"

Dkt. Veneranda aliketi palepale kwenye nyasi fupi. Aliweka ubao magotini ramani ikiangalia chini.

"Alikuja kwangu," alisema. "Mzee Ngassa. Mwaka jana, kiangazi. Akaniambia, mwanangu, ngitili hufungwa ili ifunguliwe. Nyasi zinalala, fungueni ndama waingie. Nikamwambia hii sasa ni sayansi. Mbele ya wanafunzi wangu, wakacheka. Nimezaliwa kwenye nyumba yenye ng'ombe, afande. Nilijua alichosema. Hesabu iliposhuka nikasema ni mvua. Iliposhuka tena nikaona haya kusema."

"Ukasema wizi."

"Hapana." Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni. "Soma barua yangu ya kwanza kwenu. Niliandika wametoweka. Wewe ndiye uliyekuja hapa na habari za watu wanaosafirisha sisimizi kwenye vichupa, ukaniuliza, wameibwa? Mimi nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo dhambi yangu, siikatai. Lakini neno lile lilikuwa lako."

Nikolaus alitaka kubisha. Alijua tarehe ya barua, alijua chumba walichokaa, aliikumbuka hata soda aliyokuwa anakunywa wakati anauliza swali lile. Siku tano alikuwa amemfungia mzee kwa ajili ya mwizi aliyemtengeneza yeye mwenyewe. Uso ulimwaka, na hakuwa na miwani ya kujificha.

"Andika maelezo yako," alisema. "Yote. Safari hii na mimi nitaandika yote."

*

Saa kumi alasiri alifungua chumba cha mahabusu kwa mkono wake. Mzee Ngassa alikuwa ameketi ukutani, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Mzee, umeachiwa. Jalada haliendi Tabora. Gari lipo nyuma ya kituo, tutakupeleka mpaka nyumbani, hakuna atakayekuona."

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Basi bado."

"Bado nini, mzee?"

"Ulinichukua Alhamisi, gulioni. Utanirudisha Alhamisi, gulioni. Na pingu zako."

Nikolaus alimtazama Swaumu. Swaumu alikuwa anatazama sakafu.

"Siwezi kumweka ndani mtu asiye na kosa."

"Umeweza siku tano. Siku mbili zinakushinda nini?" Mzee hakupandisha sauti. "Sikiliza. Nikipita nyuma ya nyumba, watu watasema nimehonga, au mmenihurumia uzee. Wakwe zangu waliziona pingu. Hawajaziona zikifunguliwa. Koleta ataolewa na nani, binti wa mtu aliyeingia ndani kwa mlango wa mbele akatoka kwa mlango wa nyuma?"

Nikolaus alichuchumaa mlangoni. "Kwa nini hukuniambia habari za nyasi?"

"Hukuuliza. Uliniuliza nimemuuzia nani."

Basi mlango ukabaki wazi. Siku mbili mzee alikaa mle kwa hiari yake, na askari wa zamu wakapita wakiinamisha vichwa. Koleta alileta chakula. Alimsalimia kila mtu kituoni kwa heshima zote, Nikolaus pamoja, na Nikolaus angeona nafuu kama angemtukana. Nikolaus aliandika taarifa yake upya. Neno ugoro lilikuwa mstari wa tatu. Mkubwa wake wa Tabora alipopiga simu kuuliza mtandao uliovunjwa umefikia wapi, alimjibu kwamba mtandao haukuwahi kuwepo, na simu ikakatwa upande wa pili.

Jumatano mzee alimwita. "Ngitili ikifunguliwa, ndama kwanza. Mwambie yule mama. Wakubwa wanang'oa mizizi."

*

Gulio la Lusu lilikuwa limejaa. Nikolaus alivaa sare, akaacha miwani kituoni. Ndani ya gari alimfunga mzee pingu kama alivyoagizwa, kisha wakashuka, wakapita katikati ya dagaa, kamba za mkonge na vitenge. Watu walipisha njia. Bei zilikoma kutajwa, kwanza karibu nao, kisha mpaka kule kwa wauza mbuzi.

Kwenye benchi la Marcelina mzee alisimama mahali palepale. Koleta alikuwa nyuma ya majiko. Alikuwa amewapigia simu watu wa Urambo, nao hawakuahidi kitu. Dkt. Veneranda alikuwepo, amejitenga, kanga begani. Karibu na muuza majembe alisimama mwanamume mwenye kofia ya pama, na Nikolaus alimtambua. Alikuwa mmoja wa wale wageni watatu, mjomba wa kijana anayemposa Koleta.

"Mimi ndiye niliyemkamata mzee huyu," Nikolaus alianza. "Hakuiba..."

"Wa nyuma hawasikii," Mzee Ngassa alimwambia kwa upole.

Nikolaus alirudia kwa nguvu. Alisema kwamba mzee hakuiba chochote. Alisema sisimizi walikufa kwa sababu ngitili ilifungwa isifunguliwe, na waliobaki wamebaki pale alipopitisha ng'ombe wake. Alisema mzee alijieleza na yeye hakuandika. Maneno hayo ya mwisho yalitoka na mate machache, na alipoyamaliza hakujua aweke wapi macho.

Dokta alisogea hatua mbili. "Na mimi aliniambia," alisema. "Nikawafanya watu wamcheke." Kisha akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Ufunguo haukuingia. Ulikwaruza chuma, ukateleza. Mzee alikisogeza kifundo chake, akakiegemeza kwenye meza ya chai kisicheze, mpaka pingu zikafunguka.

"Shikamoo, mzee," Nikolaus alisema.

Mzee Ngassa alisugua mikono yake. Akaketi kwenye benchi. Swaumu alimkabidhi vichupa vyake, kumi na vinne, naye akachagua kimoja, akatoa pamba, akanusa, akapiga chafya kwa raha. Mwenye kofia ya pama alisogea taratibu. Alimwinamia mzee akasalimia, akaitikiwa, akaketi mwisho wa benchi, akanyoosha kiganja. Mzee akammiminia ugoro kidogo.

"Tutazungumza," yule mgeni alisema.

"Tutazungumza," Mzee Ngassa alijibu. Marcelina akaweka vikombe viwili mezani.

Nikolaus alikuwa bado amesimama, pingu mkononi, gulio zima likimtazama. Mzee alikunywa chai mara mbili kabla hajamgeukia.

"Ulisema nini, mwanangu?"

"Shikamoo."

"Marahaba," mzee alisema. "Siku ile ungeanza na hiyo."